Nani Ameshika Kalamu? Historia Fupi ya Majina Yaliyobadilishwa

Katika kazi ya uandishi wa habari somo la kwanza ni dogo tu: andika jina la mtu sawasawa. Takwimu ikikosewa, kesho utachapa sahihisho na maisha yataendelea. Jina likikosewa, mwenyewe hasahau. Somo hilo linaonekana jepesi mpaka unapoanza kusoma historia. Hapo ndipo unapogundua kwamba yapo majina mengi yaliyoandikwa kwa herufi sahihi, yakagongwa mihuri yote inayotakiwa, na bado hayakuwa ya wenyewe.

Nimeamua kuifuata historia hiyo viwanjani. Sababu ni rahisi. Sheria za majina hukaa kwenye makabati ya ofisi, huko ambako wengi wetu hatufiki. Lakini uwanjani jina hutundikwa ubaoni, hutangazwa kwa kipaza sauti, huandikwa kwenye orodha ya washindi na kubaki humo miaka mia. Serikali hupenda sana kujionyesha pale. Na mara nyingi ni palepale inapoumbuka.

Mtu wa Berlin

Tarehe 9 Agosti 1936, kijana wa miaka 23 aliingia wa kwanza katika uwanja wa Olimpiki wa Berlin, akiwa amekimbia marathoni kwa saa 2, dakika 29 na sekunde 19. Ilikuwa rekodi ya Olimpiki. Ubaoni aliandikwa Kitei Son, wa Japani.

Mwenyewe alijiita Sohn Kee-chung, na alikuwa Mkorea. Nchi yake ilikuwa imemezwa na Japani tangu 1910, kwa hiyo hakukuwa na timu ya Korea ya kuichezea. Kitei Son lilikuwa jina lake lilelile, herufi zilezile za Kichina, ila limesomwa kwa matamshi ya Kijapani. Yaani hawakumpokonya jina moja kwa moja. Walilisoma kwa mdomo wao, basi. Kule Berlin, watu walipomwomba saini, yeye aliandika kwa Kikorea. Na pale jukwaani, wimbo wa taifa la Japani ukipigwa, aliinamisha kichwa, mche wa mwaloni aliopewa ukiifunika bendera iliyokuwa kifuani. Nyumbani gazeti la Dong-a Ilbo lilichapa picha yake ikiwa imefutwa ile bendera. Waandishi walikamatwa, gazeti likafungiwa kwa miezi kadhaa.

Kumbuka kwamba hayo yote yalitokea kabla ya sheria yenyewe. Sheria ilikuja Februari 1940. Wakorea walipewa miezi sita kujiandikishia majina ya familia ya mtindo wa Kijapani. Kwetu tunaweza kuuliza, jina la familia tu, kuna nini hapo? Kwa Wakorea kulikuwa na mengi. Jina lao la ukoo huonyesha umetoka kwa babu yupi wa kale, na mwanamke akiolewa halibadilishi, kwa sababu ndoa haibadilishi damu. Mfumo wa Japani ulitaka kila nyumba iwe na jina moja, mke na mume pamoja. Kwa hiyo agizo lile liligusa herufi mbili tatu za kwenye karatasi, na likagusa pia namna watu wanavyohesabu ndugu na wafu wao.

Kwa maandishi, sehemu ya zoezi lile iliitwa hiari. Lakini mtu akikataa, mtoto wake anapata shida shuleni na yeye mwenyewe anapata shida ya kazi. Muda ulipokwisha, takribani asilimia 80 ya kaya zilikuwa zimejiandikisha. Hiari ya namna hiyo tunaijua. Ni ile ya mchango wa hiari ambao mwenyekiti anakuja kuudai mlangoni akiwa na daftari la majina.

Japani ikashindwa vita 1945, na mwaka uliofuata sheria ikapitishwa kusini mwa Korea ya kuwarudishia watu majina yao. Madaftari ya Olimpiki, hata hivyo, hayakusahihishwa. Mpaka leo medali ile ya dhahabu inahesabiwa kuwa ya Japani.

Mtu wa Louisville

Upande wa pili wa dunia, Februari 1964, bondia mwenye miaka 22 alimpiga Sonny Liston kule Miami na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Aliingia ulingoni akiitwa Cassius Clay. Siku chache baadaye akawa Muhammad Ali, jina alilopewa na Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam. Lile la zamani alilikataa akiliita jina la utumwa.

Hapa kuna jambo ambalo watu huliruka. Baba yake Ali aliitwa Cassius Marcellus Clay kwa heshima ya mzungu mmoja wa Kentucky mwenye jina hilo, mtoto wa tajiri mwenye watumwa, ambaye baadaye aligeuka akawa mpinzani mkubwa wa utumwa. Kwa hiyo ukilipima jina lile kwa asili yake, halikuwa jina baya hata kidogo. Lilikuwa la mtu aliyepigania uhuru wa weusi. Lakini Ali hakulikataa kwa sababu ya tabia ya mwenye nalo. Alilikataa kwa sababu majina ya aina hiyo yaliingia katika familia za weusi kupitia mlango ambao wao hawakuufungua.

Marekani yenyewe ina mapokeo ya sheria yaliyotoka Uingereza, kwamba mtu anaweza kubadili jina kwa kulitumia tu, ilimradi hana nia ya kudanganya. Kwa hiyo sheria haikumzuia Ali. Waliomzuia ni watu. Magazeti makubwa yaliendelea kumwandika Clay kwa miaka. Floyd Patterson alimwita Clay, akapigwa Novemba 1965. Ernie Terrell naye alimwita Clay, na Februari 1967 kule Houston Ali alimtesa raundi 15 nzima, akimpiga huku akimuuliza jina lake ni nani. Halikuwa pambano zuri kulitazama, na hata waliompenda Ali walisema alizidisha. Hata Mahakama Kuu ya Marekani, Juni 1971, ilipofuta hukumu ya Ali kukataa jeshi, kesi iliitwa *Clay dhidi ya Marekani*. Mahakama ilimpa mtu uhuru wake chini ya jina alilokwisha kulitupa.

Baadaye Ali aliiacha Nation of Islam akafuata Usunni. Jina hakulirudisha kwa aliyempa. Lilikuwa limeshakuwa lake.

Nchi iliyoamriwa kurudi nyumbani

Tarehe 30 Oktoba 1974, saa 10 za alfajiri, Ali alipanda ulingoni Kinshasa kupigana na George Foreman. Uwanja mzima uliimba kwa Kilingala: Ali, boma ye. Jina walilolitamka ni lile ambalo nchi yake ilichukua miaka kulikubali. Kinachonishangaza kila ninapoitazama picha ile ni kwamba karibu kila Mkongo aliyekuwa anaimba alikuwa na jina jipya pia. Ila lake lilitoka serikalini.

Oktoba 1971 Joseph-Désiré Mobutu aliibadili nchi kutoka Kongo kuwa Zaire. Mto ukaitwa Zaire, pesa nazo zilikuwa zaire. Januari 1972 ikafika zamu ya watu. Rais mwenyewe alianza, akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na raia wakatakiwa kuacha majina ya ubatizo na kubaki na ya asili. Padri ambaye angembatiza mtoto wa Kizaire kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo cha miaka mitano. Sera yenyewe iliitwa urejeo wa uhalisi wa Kiafrika. Suti na tai zikapigwa marufuku, likaja koti la kola fupi.

Wapenzi wa muziki wa dansi wa Afrika Mashariki waliliona hilo kwenye majalada ya santuri. Pascal Tabu akawa Tabu Ley. Franco, yaani François Luambo Makiadi, akawa L'Okanga La Ndju Pene Luambo Makiadi. Jules wa Wembadio, tunayemjua kama Papa Wemba, akawa Shungu Wembadio Pene Kikumba. Wapenzi wa mpira nao waliliona kwenye Kombe la Dunia la 1974 Ujerumani Magharibi. Timu ya Zaire, ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika huko, haikuwa na Pierre wala Joseph katika orodha yake. Kulikuwa na Ndaye Mulamba, Mwepu Ilunga, Kazadi Mwamba. Hata klabu ya Lubumbashi iliyobeba ubingwa wa Afrika 1967 na 1968 ikiitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi, ikawa TP Mazembe, ileile aliyokuja kuichezea Mbwana Samatta.

Sasa hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na sitaki tuyarahisishe. Majina yale mapya yalikuwa ya zamani. Yalikuwa ya mababu. Wabelgiji walikuja na madaftari ya ubatizo, watoto wakapewa majina ya watakatifu wa Ulaya, na jina la babu likasukumwa nyuma. Mobutu alikuwa anawarudishia watu kile kilichofunikwa. Ukiwa Mwafrika ukasoma hilo, unatamani kupiga makofi.

Ila angalia aliyesema hapana. Kardinali Joseph-Albert Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipingana na rais, akafukuzwa katika makazi yake na kwenda kukaa Roma kwa miezi kadhaa mwaka 1972. Malula hakuwa kibaraka wa Ulaya. Ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kutaka misa ya Kiafrika, yenye ngoma na lugha za nyumbani, kazi iliyozaa misa ya Kizaire ambayo Roma iliikubali 1988. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote ili Wakongo wasali kama Wakongo ndiye aliyekataa waitwe Wakongo kwa amri. Kwangu mimi hilo linaonyesha jambo waziwazi: ugomvi haukuwa juu ya jina la asili na jina la kigeni. Ulikuwa juu ya nani anayeshika kalamu.

Na Wakongo walijibu kwa namna yao. Aprili 1990 Mobutu alipolegeza kamba na kuruhusu vyama vingi, majina ya ubatizo yalitoka mafichoni, tena kwa haraka, maana ndani ya nyumba na makanisani hayakuwahi kufa. Lakini majina ya 1972 hayakutupwa. Fomu za Kongo mpaka leo zina nafasi tatu: jina la ukoo, jina linalofuata ambalo wenyewe huliita kwa Kifaransa *postnom*, na jina la mbele, la Jean au la Marie. Watu walikataa kuchagua. Walibeba vyote viwili.

Mkia wa jina

Miaka kumi baada ya Kinshasa, serikali nyingine ilijaribu jambo lilelile kwa upande wa pili. Bulgaria ya kikomunisti ilikuwa na raia Waturuki zaidi ya laki nane. Kuanzia Desemba 1984, vijiji vyao vilizingirwa na polisi, na watu wakapewa orodha ya majina ya Kibulgaria wachague. Kuzungumza Kituruki hadharani kulipigwa marufuku. Hata marehemu hawakuachwa, majina yao yakabadilishwa madaftarini.

Miongoni mwao alikuwamo kijana mfupi wa sentimita 147, mnyanyua vyuma hodari kuliko wote duniani. Aliitwa Naim Süleymanov. Serikali ikamwita Naum Shalamanov. Desemba 1986, akiwa Melbourne kwa mashindano, aliwatoroka walinzi wa timu na kuomba hifadhi kwa Waturuki. Septemba 1988 aliinua jumla ya kilo 342.5 akiwa katika uzito wa kilo 60, akashinda dhahabu kwa kilo 30 zaidi ya aliyemfuata. Ubaoni aliandikwa Naim Süleymanoğlu, wa Uturuki.

Mashindano hayo yalifanyika wapi? Seoul. Siku chache kabla, mzee wa miaka 76 alikimbia na mwenge kuuingiza katika uwanja ule huku akirukaruka kama mtoto. Alikuwa Sohn Kee-chung, na safari hii aliitangaza Korea kwa jina lake.

Ningependa hadithi iishie hapo, ila kuna mkia. Katika *Süleymanov*, herufi za mwisho ni za Kibulgaria. Katika *Süleymanoğlu*, ni za Kituruki, maana yake mwana wa Süleyman. Jina la nyumbani lilikuwa Süleyman tu, na kila dola lililompokea lilimfungia mkia wake. Tena Uturuki, iliyomfungulia milango kwa sababu jina lake lilikanyagwa, ilikuwa na historia yake. Mwaka 1934 ilipitisha sheria ya kumlazimisha kila raia awe na jina la ukoo, na jina hilo liwe la Kituruki. Mustafa Kemal alipewa na bunge jina la Atatürk. Waarmenia na Wagiriki wa huko walikuta mikia ya majina yao imekatazwa, na Wakurdi wakaandikwa majina ya lugha isiyo yao. Nchi hujua vizuri sana dhuluma ya majina inapofanywa na jirani.

Bulgaria ilirudisha majina kwa sheria ya mwaka 1990. Lakini mwaka mmoja kabla, watu zaidi ya laki tatu walikuwa wameshabeba mizigo na kuvuka mpaka kwenda Uturuki.

Jina la mkataba

Tuje nyumbani. Agosti 2003, mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mashindano ya dunia Paris. Ezekiel Kemboi wa Kenya anapitwa dakika za mwisho na Saif Saaeed Shaheen wa Qatar. Wakenya waliokuwa wanatazama walimfahamu mshindi. Wiki chache tu zilizokuwa zimepita aliitwa Stephen Cherono.

Kwa Wakalenjini, jina la kuzaliwa ni kama saa. Kipkoech alizaliwa alfajiri, Kiprop mvua ikinyesha. Rono ni ile saa ya jioni mbuzi na kondoo wanaporudi zizini. Shaheen kwa Kiarabu ni kipanga, na Saif ni upanga. Majina mazuri yote, hakuna ubishi. Ila moja linakumbuka saa uliyofika duniani, jingine linakumbuka siku ulipopewa pasipoti.

Kenya ilikasirika. Ilikataa kumpa ruhusa ya kushiriki Olimpiki ya Athens 2004, na kule Wakenya wakachukua dhahabu, fedha na shaba. Siku kumi baadaye, kule Brussels, Shaheen alivunja rekodi ya dunia kwa dakika 7:53.63, na rekodi hiyo ikasimama karibu miaka 19.

Wengi walimwita msaliti. Mimi naona ni lazima tumtenganishe na wale wa Bulgaria na Korea. Hakuna polisi waliozingira kijiji chake. Alikaa mezani akasaini. Lakini hata hiari ina bei, na mtu anapouza jina lake inafaa tuulize kwanza alikuwa na nini kingine cha kuuza. Mwanariadha wa Kenya wa kiwango cha dunia hushindana na wenzake kumi wa kiwango hichohicho kwa nafasi tatu. Qatar haikumlazimisha. Ilijua tu mlango upi hauna komeo.

Karatasi zetu

Kwetu sheria ni ya upole zaidi. Kenya na Tanzania zote zilirithi kutoka kwa Mwingereza utaratibu wa hati ya kubadili jina. Unatamka kwa maandishi kwamba umeliacha jina fulani na kuanzia leo utaitwa fulani, hati inasajiliwa, na Kenya tangazo linatoka katika Gazeti Rasmi. Ukilisoma gazeti lile utakuta mistari mikavu kabisa ya kisheria, na nyuma ya kila mstari kuna talaka, kusilimu, kuokoka, baba aliyekataliwa au babu aliyekumbukwa. Serikali haiulizi kwa nini. Inaandika tu.

Ndiyo njia aliyopita, kwa maana pana, mwandishi wetu mkubwa. *A Grain of Wheat* ya 1967 ilitoka ikiwa na jina la James Ngugi kwenye jalada. *Petals of Blood* ya 1977 ilitoka kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Alifanya palepale jambo ambalo Mobutu aliwaamuru mamilioni walifanye: aliacha jina la ubatizo, akarudi kwa baba yake. Kitendo ni kilekile, na hakifanani hata chembe.

Lakini tusijisifu mno. Fomu zetu nazo zina mdomo. Zinataka jina la kwanza, la kati na la mwisho, hata kwa watu ambao kwao majina hayapangwi hivyo. Mtoto aliyelelewa na mama peke yake anafika dirishani anaulizwa la mwisho liko wapi. Dada aliyesoma kwa jina la baba na kuolewa akachukua la mume anatembea na kiapo cha mahakamani kwenye bahasha, kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Karani hana nia mbaya. Ana masanduku matatu kwenye skrini, na mfumo haumruhusu kuendelea mpaka yote yajae.

Sohn, Ali, Tabu Ley, Naim na Cherono walikutana na kalamu zenye wino wa rangi tofauti: bunduki, magazeti, uzalendo, chama, fedha. Sisi tumebakiwa na kalamu ya sanduku tupu kwenye fomu. Ni ndogo, haitishi, wala haijamfunga mtu. Basi siku ukikaa mbele ya karani akakwambia jina lako halikai hivyo, mwandikie upya kwenye karatasi, herufi kwa herufi, kisha subiri mpaka aliandike kama lilivyo.